Nani Alimusuka Masengo

Kashikishi, upande wa Zambia,
siku ya tatu tangu tulipozuia kamyo

Kwa yaya wangu mupenzi Mujinga,

Mbele ya yote, hesabu karatasi. Ziko tano, nimezichana katika kaye ya masomo ya Masengo, na nimejaza kila moja mupaka kwenye kona ili mutu asipate nafasi ya kuongeza neno lake. Kama zimefika ine, mushike Mama Bernadeti mwenye amekuletea, umuulize ya tano iko wapi. Ni mwanamuke wa heshima, anauza vitenge vizuri na anaimba kanisani, lakini watu wenye kuimba nawajua.

Sasa nakusalimia. Mulilala namna gani huko? Mama yetu, miguu bado inamuvimba, ao ile dawa ya majani imemusaidia? Mihogo ya nyuma ya nyumba nani anaila, ni ninyi ao ni nguruwe za jirani? Sisi tuko wazima. Plasidi wangu ameota meno mawili ya mbele, anauma kila kitu. Neema alikohoa juma zima, akapona. Bwana yangu alibaki kambini kulinda shamba. Na Masengo wako ni muzima. Narudia, juu najua utasoma mbio mbio kutafuta jina lake: Masengo ni muzima, yuko hapa nyuma yangu, anageuza samaki. Shika neno hilo wakati unasoma yenye inafuata.

Sikupiga telefoni. Telefoni yako inapita kwanza mukononi mwa jirani, na mambo haya sitaki yaanze kwa jirani.

Masomo yalifunga mwanzo wa mwezi wa munane. Unajua kambini vakansi ni njaa, basi tukaomba kwa biro ya wakimbizi karatasi ya ruhusa ya mwezi moja, nikashuka na watoto watatu huku kwenye ziwa, tukapanga chumba kimoja, nifanye kazi ya chisense. Ni vile visamaki vidogo kama sindano. Asubuhi mashuwa zikirudi unanunua beseni, unavimwaga juu ya muchanga, unavigeuza mupaka jua linashuka, na kutwa nzima unapigana na ndege na mbuzi. Kazi yenyewe haishindi. Yenye inashinda ni watoto. Masomo yakiwa wazi, mutoto ana mwalimu, ana kengele, unajua saa hii ameketi wapi. Vakansi ikifika, amekuwa wa kila mutu. Na Kashikishi ni mashuwa za Congo, kamyo za Kitwe, wanaume wenye kulala muchana na kuamka na feza mufukoni. Na katikati ya hayo yote, musichana wa miaka kumi na mbili.

Basi nikaweka sheria. Hakuna kugusa maji, juu ya mamba. Hakuna kupanda mashuwa, hata yenye imefungwa. Hakuna kupokea kitumbua kwa mutu, hata mutu akisema ni binamu. Na asubuhi nikienda kununua samaki, nilifunga mulango nikamwaga unga kidogo wa muhogo kwenye kizingiti, nikirudi nione miguu ya nani imepita. Usicheke. Siku ya pili nilikuta unga umelala vizuri, hakuna hata alama ya kidole. Nikajua palepale kwamba Masengo alitoka, akafagia, akamwaga tena, juu alikuwa ameumwaga vizuri kuliko mimi.

Nikamuuliza alikwenda wapi. Akajibu kwa kichwa. Yaya, tangu ulipovuka mwezi wa tano kwenda kumuangalia mama yetu, mutoto huyu anajibu kwa kichwa. Ukimuuliza kama amekula, kichwa. Ukimuuliza kama anaumwa, kichwa. Mimi nilisema ni ujeuri wa kukua.

Halafu siku moja nikarudi na beseni, nikamukuta ameketi mulangoni, kichwa kimesukwa. Mistari midogo midogo, imenyooka kabisa, kazi yenye mikono yangu haiwezi. Nikatua beseni. Nani amekusuka? Wapi? Saa ngapi? Alikuambia nini? Alikupa nini ukule? Na zile nywele zenye zilianguka, ziko wapi? Unakumbuka vile mama yetu alikuwa akikusanya nywele zetu zote baada ya kutusuka, hata moja, akazichoma kwa mukono wake, juu nywele ya mutoto haiachwe kwa mugeni. Hilo ndilo liliniogopesha zaidi. Niliuliza mupaka sauti ikakauka, na Masengo aliangalia vidole vya miguu yake. Sikumupiga. Lakini nilikuwa karibu.

Nikaanza kuangalia kila mutu. Nilifikiri kwanza ni mwanaume wa mashuwa, amemutuma muke wake amuvute mutoto polepole kwa kitana na mafuta. Nikafikiri halafu ni mulozi. Nikawa naangalia mikono ya wanawake wote wa muchanga, nani ana vidole vya kusuka. Kuko moja, Muzambia, mwanamuke wa mwili mukubwa, anaanika samaki hatua kumi kutoka kwangu. Wanamuita Bana Chanda, ni kusema mama ya Chanda. Sikuwa nimemusalimia hata siku moja, juu mara ya kwanza nilipojaribu kutaja bei kwa Kibemba, alicheka. Nikasema: ni huyu. Sikuwa na sababu nyingine.

Papa Eritye yeye alikuwa amekwisha kutokea, siku chache mbele ya kusukwa kule.

Huyu ananunua chisense kwa magunia, anapandisha kwa kamyo mupaka Kitwe. Murefu, shati lake limepigwa pasi, na Kiswahili chake, Yaya, ni chetu kabisa, cha Pweto. Wewe uko kwetu, huwezi kujua. Huku muchana wote ni Kibemba. Kiswahili wanakitoa kwa bei tu, ngapi na punguza, wakimaliza wanakirudisha mufukoni. Sasa mutu anasimama mbele ya samaki zako anakuuliza mulilala namna gani, nyumba namna gani, mama namna gani. Alijua kisima chetu. Alijua hata kengele ya kanisa yenye ilipasuka. Nikamupikia bukari na sombe, akakula kwa vidole vyote, akaombea nyumba yangu mupaka chakula cha watoto kikapoa. Na mimi, mwenye siwezi kumupa mutu mugongo, sikumuuliza neno hata moja.

Alisema ufuko huu haufai kwa musichana mwenye anaanza kukua. Mimi nilikuwa sijamuambia kitu. Alisema kuko familia Kitwe, watu wa kwetu, wanatafuta musichana wa kucheza na mutoto wao vakansi hii. Atajifunza Kingereza, atarudi mbele masomo yafunguliwe, na viatu na sakosi ya kubebea kaye. Nikaona ni Mungu amejibu. Mulozi na wanaume wa mashuwa watabaki na mikono mitupu, na mutoto atakuwa kwa watu wetu. Nikasema ndiyo.

Sifichi. Mimi mwenyewe nilisema ndiyo, nikafua ile robe yake ya bluu, nikaianika. Kamyo ilikuwa ya kuondoka kesho yake muchana.

Nilipomuambia Masengo hakulia. Alisimama, akatoka, akakanyaga unga wangu katikati bila hata kufagia. Hapo nikajua anakwenda kwa mwenye kumusuka. Nikaacha samaki kwa ndege, nikamufuata.

Alipita nyuma ya tanuru za kukausha samaki, akapita kwenye zile baiskeli za watu wa Kabuta zenye kupakia magunia, akaingia katika uwanja wenye uzio wa matete. Nikangoja kidogo, nikaingia bila hodi. Nikamukuta Bana Chanda ameketi juu ya beseni lenye limegeuzwa, Masengo katikati ya magoti yake, tayari amemufungua mistari upande moja. Kumbe nilikuwa nimemushika mutu mwenyewe! Nilifurahi, Yaya. Nakuambia vile ilikuwa: nilifurahi kwamba sikuwa nimekosea.

Nikaanza kutukana. Yeye Kiswahili chake ni cha soko, mimi Kibemba changu ni cha soko vilevile. Nilitupa maneno yangu, akatupa yake, hakuna lenye lilifika. Ndipo Masengo akasimama katikati yetu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama juu, akaanza kutafsiri, na Kibemba chenye alikiokota masomoni. Alianza na yangu. Hakupunguza hata moja. Nilisikia jina la mulozi linatoka katika kinywa cha mutoto, kwa Kibemba, polepole kama mutu anasoma darasani, na nikaona haya kwa mara ya kwanza siku ile.

Bana Chanda hakukasirika. Alisema maneno marefu, akiniangalia mimi. Masengo akangoja amalize, akaangalia chini.

“Anasema ule papa wa kamyo alimubeba Chanda wake vakansi ya mwaka jana. Alisema Kitwe, alisema viatu. Chanda alirudi wakati wa mvua, kwa miguu, na mambo yenye aliona hajayasema bado. Anasema mimi nisipande.”

Nikamuuliza Chanda yuko wapi. Yuko kwenye kisiwa cha Kilwa, hapa katikati ya ziwa, kwa kambo yake, mama ya mama yake, juu kule kamyo haiwezi kufika. Bana Chanda anaanika samaki hapa kila siku akiangalia kamyo zenye kuingia. Alipomuona Papa Eritye anakula kwangu, alijaribu kunisemesha mara mbili, na mara mbili nilimupa kisogo. Halafu alimuona mutoto anatembea peke yake ufukoni, nywele zimesimama, akamuita amusuke, amuambie.

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi yenye imekunjwa. Ndani nywele za Masengo, zote zenye zilianguka, zimefungwa pamoja kwa uzi. Masengo akatafsiri kwamba nywele ya mutoto haitupwe hovyo, alikuwa anangoja kumupa mama yake. Nikazipokea. Nikazifunga katika fundo la kitenge changu.

Nikamugeukia Masengo, nikamuuliza juu ya nini hakuniambia, mimi mwenye damu yake. Akanijibu kwa kinywa.

“Mama mudogo, wewe unauliza kama watu wa biro. Hapa hakuna mwenye ananiuliza.”

Yaya, ile benchi ya biro ya wakimbizi unaijua. Tulipovuka, alikuwa na miaka sita. Wewe ulikuwa umelazwa na malaria, mimi ndiye nilimupeleka. Jina la baba. Alikufa namna gani. Nani aliona. Wewe ulikuwa wapi. Wakamaliza, akaja mutu mwingine na karatasi nyingine, akaanza tena jina la baba. Nilikuwa nimeketi kando yake nimemushika mukono, na nilisahau. Miaka sita katika nyumba moja namulisha na namuuliza, namulisha na namuuliza, nikifikiri kuuliza ndiko kupenda. Hilo lilinipiga kuliko habari ya kamyo.

Sasa sikia ya kamyo. Kesho yake hatukwenda peke yetu. Bana Chanda alipita kwa wenzake wa muchanga, na nilishangaa vile walikuja, wanawake kumi na zaidi, kila moja na beseni lake. Tulimukuta Papa Eritye anapakia. Aliniona, akanisalimia kwa ile sauti ya kwetu, akauliza mutoto ameisha kuoga. Nikamuambia mutoto haendi, na kwamba Chanda anamusalimia. Bana Chanda akapita mbele yangu. Alitua beseni mbele ya gurudumu, akaketi ndani yake. Wengine nao wakatua, wakaketi, magurudumu yote yakapata mama. Hakuna mwenye alimuuzia samaki hata moja.

Akacheka. Halafu kicheko kikakwisha, akanyoosha kidole kwangu.

“Unanizuia na nini? Klarisi si mutoto wako. Mama yake mwenyewe, kule Pweto, alinipa ruhusa.”

Klarisi. Jina la ubatizo, Yaya. Huku hakuna mwenye kulitumia. Mimi mwenyewe silitumii. Masengo alikuwa kando yangu, ameshika kitenge changu, akasikia yote.

Mukubwa wa bandari alikuwa ametuma mutu kuita polisi. Papa Eritye alipoona vile, alishuka taratibu kama mutu anaenda kujisaidia, akapanda pikipiki, akapotea njia ya lami, akaacha magunia yake na shoferi wake. Polisi wakafika, wakaandika namba ya kamyo na jina la shoferi, wakaandika na maneno ya Bana Chanda. Wanasema wanamutafuta. Mimi polisi nawaangalia kwa jicho moja, lakini waliandika, nilihakikisha, nilisimama nyuma ya bega mupaka nukta ya mwisho.

Mupaka vakansi ikwishe tumepatana hivi, sisi wanawake wa chisense. Watoto wote wanakaa katika uwanja wa Bana Chanda. Kila siku mama moja haendi kwenye samaki, anabaki nao, na wenzake wanamugeuzia samaki zake. Mutoto hatoki na mutu yeyote, hata akijua majina ya mababu wote, isipokuwa mama yake amekuja kumutoa kwa miguu yake. Masengo anafundisha wadogo kuandika majina yao kwenye udongo. Nilimusikia anacheka, nikajizuia nisiende kuona ni nini. Na jioni tunakaa wawili, tunachambua samaki, mimi nimefunga kinywa. Sijui kama unaelewa kazi ile. Siku ya kwanza hakusema. Siku ya pili akaanza peke yake, habari ya mwalimu wao mwenye kulala darasani, habari ya rafiki mwenye walinuniana. Nimejua mambo mengi ndani ya siku mbili bila swali hata moja.

Umusalimie mama yetu, umuambie nimechoma zile nywele kwa mukono wangu. Umusalimie mujomba mwenye kutengeneza nyavu, na muke wake mupya kama bado yuko. Umusalimie mama wa ubatizo wa Masengo, na umuulize taratibu kama kuko mutu alipita kwake akiuliza habari zetu. Jirani wa telefoni umusalimie kidogo.

Sasa wewe. Nimegeuza mambo haya pande zote. Labda alisoma jina katika daftari ya kanisa. Labda kuko mutu kambini alilisema. Na labda ulikutana naye sokoni kule, akakuuliza mulilala namna gani, akala bukari yako, akaombea nyumba yako, ukaona ni Mungu amejibu. Kama ilikuwa vile, mimi siwezi kukusema, juu nilifanya vilevile, na mimi sikuwa hata mbali.

Jana tukichambua, aliuliza bila kuniangalia.

“Mama mudogo, ni kweli mama alinitoa?”

Nikamuambia: “Hapana.” Palepale. Sikukuuliza, Yaya. Katika maisha yangu sijakubali kitu bila kukiuliza mara tatu, na hiki nilikikubali hivihivi, juu mutoto alikuwa anangoja.

Alichukua samaki mwingine. Lakini asubuhi hii aliamka mbele yangu, akaenda kusimama pale mashuwa za upande wenu zinafikia. Nilifikiri anaangalia samaki. Bana Chanda ndiye aliniambia, kwa vidole na kwa maneno machache yenye tunayo sisi wawili, kwamba mutoto anafanya vile kila siku tangu tulipofika. Anaangalia wanawake wenye kushuka, moja moja, mupaka mashuwa ya mwisho.

Usinijibu kwa barua. Barua ikiwa mubaya nitaificha, najijua. Panda mashuwa, ukuje, umuambie mwenyewe kama nilisema kweli. Njia hutauliza. Ukishuka tu, ni yeye utamukuta amesimama.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukungoja pamoja naye,

Ngoie